Swali Lolote, Kutoka kwa Yeyote

Bi Zama aliisikia habari ya kufutwa kwa somo lake akiwa na biskuti mdomoni. Kikao cha kitivo kilikuwa kimefika pale ambapo watu husinzia macho wazi. Mkuu wa kitivo alikuwa anayasoma mambo yaliyobaki kwa sauti ya mtu anayewaza chakula cha mchana. Akafika kwenye Falsafa ya Zama za Kati, akasema kwamba kuanzia mwaka ujao somo hilo halitafundishwa tena, akafungua ukurasa mwingine.

Biskuti ikamkwama. Mhadhiri aliyekaa jirani yake akampiga mgongoni mpaka ikapita.

"Samahani, Mkuu," akasema, machozi yanamlengalenga kwa kukohoa. "Umesemaje hapo?"

"Daktari, usidhani nakulenga wewe." Mkuu alivua miwani. Alikuwa mchumi, mtu msafi wa nguo na wa maneno, na kwa kweli hakuwa mtu mbaya. "Lakini tuambiane ukweli. Hili ni somo la maiti. Walioanzisha ubishi wamekufa, waliojibu wamekufa, hata lugha waliyobishania imekufa. Sisi tuna wanafunzi walio hai, na vyumba havitoshi."

Kikao kizima kikacheka. Hata Bi Zama alicheka kidogo, maana lilikuwa limesemwa vizuri.

Jina la Bi Zama alipewa na wanafunzi, na lilimkaa vizuri kiasi kwamba hata wahasibu wa chuo walilitumia. Ofisi yake ilikuwa chini ya ngazi, jirani na mashine ya kutoa nakala. Kila mwanafunzi aliyepanda kwenda ghorofani alimkanyagia mawazo. Humo ndani alikaa na kamusi zake za Kilatini na Kiarabu, meza yenye mguu mfupi, na kiti cha mgeni ambacho aliyekikalia alilazimika kuinama ili asigonge dari. Na bado, ukimkuta humo asubuhi, kalamu sikioni, akibishana kwa sauti na mtu aliyeaga dunia miaka mia saba iliyopita, ungedhani amepewa ikulu.

Falsafa hakuifuata mwenyewe. Alikuja chuoni kusomea sheria, na ukoo mzima ulishamwona ndani ya joho la wakili. Siku moja, akiwa bado mgeni, akakosea mlango. Alijiketia mstari wa mbele akisubiri mhadhara wa mikataba. Badala yake akaingia mwanamume mwembamba aliyevaa koti lililochakaa viwiko, hakusalimu mtu, akaandika ubaoni: Je, anayetenda ubaya huku anaamini kabisa kwamba anatenda wema, ana hatia?

Akageuka, akamnyooshea chaki. "Wewe."

"Hana," akajibu msichana, maana ilibidi aseme kitu.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hakukusudia ubaya."

"Kwa nini kusudio ndilo lihesabiwe, na si aliyeumizwa?"

Wakaenda hivyo kipindi kizima, "kwa nini" juu ya "kwa nini", darasa limetulia tuli. Alipotoka nje, blauzi ilikuwa imemganda mgongoni, mhadhara wa mikataba umeshampita, na hakuujutia hata chembe. Wiki hiyohiyo akahama sheria. Mwalimu yule wanafunzi walimwita Mzee Kwanini, ingawa siku hizo wala hakuwa mzee.

Nyumbani kulichafuka. Shangazi yake alikaa sebuleni ameshika tama. "Falsafa ya watu waliokufa! Haya, sisi tukishtakiwa, nani atatutetea?"

Kaka yake, ambaye alikuwa mpima ardhi na mtani wa kuzaliwa, akasema, "Angalau wateja wake hawatamkimbia. Wameshalala moja kwa moja."

Aliyeukata ubishi huo ni mama. Alikuwa mkunga, ndiyo kwanza amerudi kutoka wodini, viatu bado mkononi. "Mwacheni mwanangu. Mimi nimezalisha wengi. Mtoto akishaamua njia ya kutokea, kazi yako ni kumpokea tu."

Basi wakampokea. Mzee Kwanini alimnoa kwa miaka, akamfundisha Kilatini kwa kumgombeza na mantiki kwa kumnyima jibu. Kisha Bi Zama akaenda kusoma ng'ambo, kwenye maktaba yenye baridi ambako miswada ya ngozi hulazwa juu ya mto kama mgonjwa, na msomaji hukatazwa kuingia hata na kalamu ya wino. Huko aliandika kitabu kuhusu lile swali la ubaoni. Wanazuoni wa zama zile, alionyesha, hawakulijibu kwa mkato. Walisema dhamiri humfunga mtu hata inapokosea, kwa sababu anayekwenda kinyume cha dhamiri yake tayari ameamua kutenda analoliona kuwa ovu. Kitabu kilisifiwa na watu wachache wanaojua kusifu. Wakamwomba abaki. Akakataa. Alikuwa amechoka kubishana kwa lugha za kukopa; alitaka kusikia neno "dhamiri" likirushwa darasani kwa Kiswahili na kudakwa kwa Kiswahili.

Hivyo akarudi, akapewa ofisi ya chini ya ngazi, akawa mhadhiri. Akabaki mhadhiri. Wenzake walipanda vyeo wakipita juu ya kichwa chake, kwa maana zote mbili. Na sasa somo lenyewe lilikuwa linazikwa kati ya biskuti na chai.

"Baraza la chuo litapiga kura mwisho wa mwezi," Mkuu alimwambia kikao kilipomalizika. "Utapewa nafasi fupi ya kujitetea."

"Mkuu, sitaki kujitetea," akasema Bi Zama. "Nataka kuulizwa."

"Kuulizwa nini?"

"Chochote."

Akamweleza. Katika vyuo vya kale, mwalimu aliyejiamini alitangaza siku, milango ikafunguliwa, na yeyote aliyetaka akaingia kuuliza swali lolote, la mbinguni au la sokoni. Mwalimu hakuruhusiwa kuchagua. Siku ya kwanza alipokea maswali na kusikiliza hoja za kila upande. Baadaye alirudi, akakaa kwenye kiti chake, akatoa uamuzi kwa kila swali mbele ya watu walewale. Walimu wengi waliukwepa mtihani huo kama ukoma, maana waliokuja kuuliza hawakuja na huruma.

"Nipe ukumbi mkubwa," akasema. "Ijumaa nitapokea maswali, Jumatatu nitayajibu. Baraza lije likae mbele. Nikiaibika, somo life na mimi nikiwa shahidi."

Tabasamu likamjia Mkuu taratibu. "Na mimi naweza kuuliza?"

"Yeyote, Mkuu. Wewe pia umo."

Jioni hiyo, jua bado halijazama, alikwenda kwa Mzee Kwanini. Sasa alikuwa amestaafu, magoti yamegoma, lakini ulimi ulikuwa uleule.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nimesikia unafungua sarakasi."

Kumbe habari zilikuwa zimemtangulia. Akajitahidi kueleza, mwalimu akawa anatikisa kichwa. "Falsafa si mchezo wa kuchezewa watazamaji. Watakuja vijana kukuuliza kuku na yai. Watakuja wenye choyo kukutega. Utatoka hapo umevuliwa nguo."

"Mwalimu, nisipofanya hivyo wanalifuta."

"Kwa hiyo unalipeleka sokoni ili walifute vizuri."

Aliondoka pale amenyong'onyea. Alikuwa ametegemea baraka, akapewa kisogo. Njiani akapiga moyo konde: tangazo limeshabandikwa, ukumbi umeshatolewa, kurudi nyuma hakuna.

Ijumaa ukumbi ulifurika. Wanafunzi waliketi kwenye ngazi, madirishani palijaa vichwa, na mafundi wa chuo walisimama nyuma na vifaa vyao mkononi kana kwamba wanapita tu. Baraza lilikaa mbele, nyuso kavu. Mama yake alikuwa amefika mapema kuliko wote, akachukua kiti cha katikati kabisa na kuwaeleza majirani zake, wa kulia na wa kushoto, kwamba yule pale ni bintiye na kwamba alizaliwa akiwa ametanguliza miguu.

Bi Zama alipanda jukwaani na chaki tu.

"Nitauliza wa kwanza," akasema kijana mmoja, na wenzake wakaanza kumcheka kabla hajasema. "Nikimwambia mtu nampenda, halafu baada ya mwezi nikaona simpendi, je, nilimdanganya?"

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Bi Zama aliliandika ubaoni kwa heshima ileile ambayo angempa askofu.

Akasimama daktari wa hospitali ya chuo, sauti yake nzito. Aliuliza: mashine ya kupumulia ikiwa moja na wagonjwa wawili, na akampa aliyetangulia kufika, kisha wa pili akafa, je, amemuua, au amekosa tu kumwokoa? Hapo hakuna aliyecheka. Mlinzi wa geti akauliza kama amri ya mkubwa inaweza kumwondolea mtu lawama. Mwalimu wa hesabu akauliza kama namba zilikuwapo kabla ya mtu wa kwanza kuzihesabu. Kila swali Bi Zama alilichukua, akaomba hoja za upande huu, akaomba hoja za upande ule, na watu wakajikuta wanabishana na majirani ambao dakika chache nyuma hawakuwajua. Alijihisi kama samaki aliyerudishwa majini.

Kisha Mkuu akainuka, akafunga kifungo cha koti. "Je, chuo kinamtendea haki kijana kinapomfundisha kitu ambacho hatakitumia?"

Makofi yalipigwa kila upande. Lilikuwa swali zuri, na kila mtu alijua linakwenda wapi. Bi Zama akaliandika.

"Kuna jingine?" akauliza, akidhani wamemaliza.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mzee Kwanini akaingia akiegemea fimbo, koti lake ni lilelile au la ndugu yake. Watu wakampisha. Hakukaa.

"Mimi nina swali," akasema, na sauti haikuhitaji kipaza. "Mwalimu huyu ameandika kwamba dhamiri humfunga mtu hata ikikosea. Vema. Chukueni mtu ambaye dhamiri yake imekosea: anaamini kwamba ubaya fulani ni wajibu wake. Akiifuata dhamiri, anatenda ubaya. Akiiasi, anatenda ubaya vilevile, kwa maelezo ya mwalimu mwenyewe. Basi yuko mahali ambapo kila njia ni kosa. Wazee wetu wa zama zile walijibu kwamba aiweke kando hiyo dhamiri potofu. Mimi nauliza: ataiwekaje kando, na hajui kwamba ni potofu? Kama hawezi, tunamlaumu kwa nini?"

Akageuka, akatoka kama alivyoingia.

Waliosoma kitabu cha Bi Zama walielewa kwamba kimechomwa mkuki mahali penyewe, na wasiosoma walielewa kwa kuuona uso wake. Bi Zama aliandika swali hilo la mwisho, herufi zikaenda upande. Alilijua swali hilo. Alikuwa amelipitia pembeni katika sura ya mwisho, kwa aya mbili nzuri zilizojaa maneno mazuri, akiomba asiulizwe.

Jumamosi yote aliishi kitabuni. Maswali mengine yalipangika moja baada ya jingine. Hata la mpenzi aliyebadili nia lilipata jibu safi. La mwalimu wake halikusogea. Kila mlango aliojaribu ulikuwa umefungwa kwa ndani. Mtu asiyejua kwamba amekosea, hajui. Ukimwambia achunguze nafsi yake, ataichunguza kwa dhamiri ileile iliyopotoka, nayo itamwambia yuko sawa.

Jumapili baada ya chakula, kaka yake alitaka kuondoka. "Mdogo wangu, nipe funguo za gari."

"Si nimeshakupa, kaka?"

"Hujanipa."

"Nimekupa, asubuhi, ulipokuwa unakula." Alikuwa na uhakika. Aliiona picha yote kichwani: meza, kikombe, mkono wa kaka. "Tafuta mifukoni mwako, usinisumbue, nina kazi."

Kaka hakukasirika. Akavuta kiti. "Haya. Ulinipa nikiwa nimekaa wapi?"

"Hapo hapo ulipo."

"Nilizipokea kwa mkono gani?"

"Wa kulia."

"Wa kulia ulikuwa na kijiko. Nikaziweka wapi?"

"Uka... uka..." Akasita. Picha ile ikaanza kumong'onyoka. Kijiko kweli kilikuwapo. Na kama funguo zilipokelewa, mbona hakusikia mlio wake juu ya meza? Akafungua mkoba wake polepole, akaingiza mkono, na funguo zikamjia vidoleni.

Kaka alitoa macho, tayari kwa utani wa mwaka mzima. Lakini Bi Zama alikuwa amesimama wima na funguo zimening'inia, mdomo wazi. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, mpaka mama akaja kutoka jikoni na mwiko mkononi.

"Amefanya nini huyu? Amepatwa na nini?"

"Mama, ningeapa!" akasema kati ya vicheko. "Dhamiri yangu ilikuwa nyeupe pe! Peke yangu nisingegundua hata baada ya miaka kumi. Ameniuliza tu, Mama. Hakuniambia nimekosea. Ameniuliza!"

Akamkumbatia kaka yake, akamtupia funguo, akaenda kukaa mezani. Sasa aliviona vitabu vyake vya kale kwa jicho jingine. Kwenye kila ukurasa wa wanazuoni wale, neno la kwanza lilikuwa la mpinzani. "Inaonekana sivyo," ndivyo kila jibu lilivyoanza. Alikuwa amesoma maneno hayo mara maelfu akiyaona kama pambo la mlangoni. Kumbe ndiyo yaliyokuwa nyumba.

Jumatatu ukumbi ulifurika kuliko mara ya kwanza. Safari hii kiti kiliwekwa jukwaani, naye akakikalia, mgongo wima. Mzee Kwanini alikuwa mstari wa mbele, kidevu juu ya fimbo.

Akaanza na kijana wa mapenzi. Alimwambia kwamba ahadi na habari ni vitu viwili: aliyesema "nakupenda" akiwa anapenda alitoa habari ya kweli. "Lakini kama ulijua anaisikia kama ahadi, na ukanyamaza, basi ulimdanganya kwa kunyamaza. Nenda ukaongee naye." Kijana akainamisha kichwa, na binti mmoja safu ya pili akapiga makofi peke yake. Alimjibu daktari taratibu, bila mapambo, na daktari alipoketi alikuwa amefuta macho. Mlinzi alipata jibu lake, mwalimu wa hesabu akapata ubishi mpya wa kwenda nao nyumbani.

Alipofika kwenye swali la Mkuu, alianza kwa kulitetea. "Inaonekana chuo hakimtendei haki," akasema. "Kwanza, ujana haurudi, na anayeuchukua bila kuutumia vizuri ameiba. Pili, mzazi alimtuma mtoto akiwa na matumaini, na mwalimu aliyajua matumaini hayo. Tatu, chuo kinachofundisha ili walimu wake wafurahi ni jiko linalopikia wapishi."

Mkuu, ambaye alikuwa amekunja mikono, akaikunjua. "Hiyo ya wapishi nitaichukua," akasema kwa sauti, na watu wakacheka.

"Ichukue, Mkuu. Ni yako, mimi nimeipiga pasi tu. Sasa najibu. Neno 'kutumia' lina maana mbili. Nyundo unaitumia kwa kuishika. Kazi ikiisha unaiweka chini. Macho unayatumia kwa kuwa nayo tu. Hakuna anayerudi jioni akasema leo nimeyatumia macho kwenye kazi fulani na fulani. Ukiuliza kama kijana atalitumia somo hili kama nyundo, nakubali, hatalitumia. Lakini Ijumaa daktari alisimama hapa, akasimama mlinzi, akasimama mpenzi. Kila mmoja alileta swali analotembea nalo kazini na nyumbani. Nilikwenda kuyatafuta maswali hayo kwa maiti zangu, nikayakuta yote, yamebishaniwa kwa ukali ambao sisi tumeusahau. Mkuu, hao si maiti. Ni wazee wa baraza ambao hatujawapa nafasi ya kusema."

Makofi yalichukua muda kutulia. Ndipo akamgeukia mwalimu wake.

"La mwisho," akasema, na sauti ikashuka. "Mwalimu aliuliza mtu ataiwekaje kando dhamiri potofu ambayo hajui kwamba ni potofu. Najibu kwanza: hawezi. Peke yake, hawezi. Hapo mwalimu yuko sahihi, na kitabu changu kilikosea kwa kulipita jambo hili mbiombio."

Minong'ono ikapita ukumbini. Mama yake, ambaye hakuwa amefuata hoja lakini alisikia neno "kilikosea", akashika mkono wa jirani.

"Lakini swali lilimweka mtu huyo chumbani peke yake na dhamiri yake, na mimi nimegundua kwamba chumba hicho hakipo. Hakuna anayeishi humo. Mtu ana mke, ana jirani, ana mwanafunzi, ana adui. Yeyote kati yao anaweza kumuuliza: kwa nini? Dhamiri haiwekwi kando kwa kujitazama. Huwekwa kando kwa kuulizwa, na kwa kulijibu swali kweli. Kwa hiyo hatia haimo katika kukosea bila kujua. Hatia huingia siku mtu anapoufunga mlango, akawa haulizwi tena: mkubwa anayeogopwa kuulizwa, mzazi anayenyamazisha, msomi anayejibu asichoulizwa. Huyo amejitengenezea chumba kile kwa mikono yake, na cha kumlaumu kipo. Wanazuoni wa kale hawakuandika jibu hili kwa maneno haya. Ila walilitenda. Walikaa kwenye kiti kama hiki, wakafungua milango."

Alikuwa amemaliza.

Mzee Kwanini aliinuka kwa shida, na ukumbi mzima ukainuka naye kimoyomoyo. "Na yule ambaye hakuna aliyemuuliza?" akasema. "Aliyezaliwa mahali ambapo wote wamekosea kosa lilelile?"

"Hapo pana tundu, Mwalimu. Naliona."

"Utaliziba?"

"Nitaandika kitabu kingine."

Uso uliotisha vizazi vya wanafunzi ukalegea. "Swali hili nimelibeba tangu ujana wangu," akasema, sasa akiwageukia watu. "Nilifikiri nitakufa nalo. Sarakasi hii imenishinda. Nakubali."

Hakuna aliyekumbuka nani alianza kupiga makofi. Waliokaa kwenye ngazi walisimama, walioning'inia madirishani waligonga vioo, mafundi waligonga vifaa vyao. Mama akawa anamwambia kila aliyepita, "Miguu kwanza! Alitoka miguu kwanza huyu!" Bi Zama alishuka jukwaani, akainama kumsalimu mwalimu wake. Mwalimu akamzuia, akamshika mkono na kuuinua juu, kama anavyoinuliwa bondia.

Baraza lilipiga kura wiki hiyo, na hakuna mkono ulioinuka kutaka somo lifutwe. Mkuu mwenyewe ndiye aliyependekeza maswali ya wazi yafanyike kila mwaka, kila mwalimu kwa zamu yake. Pendekezo hilo lilizusha hofu kubwa vitivoni kote. Inasemekana profesa mmoja wa biashara aliugua ghafla zamu yake ilipokaribia.

Miezi ikapita, Bi Zama akafanywa profesa. Shangazi alisafiri kuja kushuhudia, akamwambia kila aliyekaa karibu kwamba yeye tangu mwanzo aliona. Kaka alitaka kujua kama profesa sasa anakumbuka alipoweka funguo.

Siku moja kabla ya muhula mpya, Mkuu alipiga simu kwenye ofisi mpya ya Bi Zama huko ghorofani, yenye dirisha na viti ambavyo mgeni angeweza kukaa wima.

"Profesa," Mkuu akasema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Binti yangu ameacha uchumi. Amejiandikisha kwako."

"Nikupe pole, Mkuu, au hongera?"

"Kwanza niambie nimweleze nini mama yake."

Bi Zama alicheka, akamwahidi atampigia mama huyo mwenyewe. Kesho yake alikwenda darasani. Somo lake lilikuwa limehamishwa kutoka chumba kidogo hadi ukumbi wa chini, na bado watu walikuwa wamekaa sakafuni, mabegi mapajani. Binti wa Mkuu alikuwa pembeni, ameshika kalamu kwa nguvu kama mtu anayesubiri sindano. Profesa aliweka kitabu mezani, akawaangalia, akajiona ana furaha isiyo na mfano.

"Mimi ndiye mwalimu wenu," akasema. "Kuna jambo kwenye kitabu changu nadhani si kweli, na tuna muhula mzima wa kulitafuta. Nani anaanza?"

Mikono ikainuka.